Maswali ya Wasomaji: Wimbo wa Fundi na Taashira Zake

Katika toleo lililopita tulilitaja shairi la Mmarekani Walt Whitman liitwalo "I Hear America Singing", yaani "Naisikia Amerika Ikiimba", na barua zilizotufikia kutoka mitaa mbalimbali ya Nairobi zimetufanya tuitenge safu nzima ya mwezi huu kwa ajili yake. Kwa msomaji ambaye hakuisoma makala ile, hili ni shairi fupi la mishororo 11 ambamo nafsineni, yaani msemaji wa ndani ya shairi, anazisikia nyimbo za watu walio kazini. Wanatangulia mafundi wa mikono kwa jumla, kisha seremala anayepima ubao au boriti yake, mwashi anayejiandaa kuanza kazi au anayeiacha, mwenye mashua na baharia aliye kwenye sitaha ya meli ya mvuke, fundi viatu aliyeketi kwenye benchi lake, mtengeneza kofia aliyesimama, mkata miti, na kijana wa plau anayeenda shambani asubuhi, anayepumzika adhuhuri au anayerudi jua likitua. Wanafuata mama, mke kijana aliye kazini na msichana anayeshona au kufua. Kila mmoja, asema mshairi, anaimba kilicho chake na kisicho cha mwingine yeyote. Mchana una mambo yake, na usiku ni zamu ya kundi la vijana wenye afya na urafiki, wanaoimba kwa vinywa wazi.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Darasani tulipewa orodha ya taashira za shairi hili, yaani vitu vinavyosimamia mawazo makubwa zaidi: seremala ni ujenzi wa taifa, mwashi ni uthabiti, baharia ni biashara, kijana wa plau ni chakula, na mama ni nchi yenyewe. Nimeikariri, lakini kila nikilisoma shairi naona orodha haikai. Je, hizo ndizo taashira zenyewe?
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Umoja

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shaka yako ina msingi, na ningependa uifuate hadi mwisho badala ya kuizima kwa sababu mtihani umekaribia. Orodha ya namna hiyo humtaka msomaji ampe kila mhusika maana moja kisha aliache shairi lenyewe, ilhali kinachopaswa kutuongoza ni kile ambacho mshairi amechagua kutuonyesha. Kama Whitman angetaka seremala awe ishara ya ujenzi wa taifa, angetuonyesha nyumba ikisimama, au walau paa likiezekwa. Hakufanya hivyo. Ametuonyesha mtu mmoja akipima ubao, na ubao huo ni wake. Mwashi naye haonekani akiweka hata jiwe moja. Anaonekana kabla ya kazi au baada yake, pale anapozishika zana zake au kuziweka chini. Mwenye mashua anaimba kilicho chake ndani ya mashua yake. Soma mshororo baada ya mshororo ukiwa na kalamu, upige mstari chini ya kila neno linaloonyesha umiliki, nawe utaona kwamba shairi linaijenga hoja hiyo kidogo kidogo mpaka linapoitamka waziwazi karibu na mwisho: kila mtu anaimba kilicho chake.

Kwa hiyo taashira kuu ya shairi hili ni wimbo, na wafanyakazi ni wenye wimbo huo. Nao wimbo unasimamia kile ambacho mtu anakimiliki katika kazi yake na ambacho hakiuzwi pamoja na bidhaa: ustadi wa mkono, mwendo wa mwili, saa zake za siku, utu wake. Wengi huishia kusema kwamba wimbo ni ishara ya furaha. Furaha imo, siikatai, kwa maana toni ya shairi ni ya kusherehekea tangu mshororo wa kwanza. Lakini furaha peke yake haielezi kwa nini mshairi anasisitiza kwamba wimbo wa mmoja si wa mwingine, wala kwa nini anajali kwamba fundi viatu ameketi na mtengeneza kofia amesimama. Mambo hayo yanaeleweka tu tukisema kwamba kila kazi inauumba mwili wa anayeifanya kwa namna yake, na kwamba sauti inayotoka katika mwili huo haiwezi kuazimwa.

Whitman aliyajua mambo haya kwa kuyaishi. Alizaliwa mwaka 1819 katika kisiwa cha Long Island, baba yake akiwa seremala na mjenzi wa nyumba. Yeye mwenyewe alijifunza uchapaji akiwa bado mvulana huko Brooklyn, na mwanzoni mwa miaka ya 1850 alifanya kazi ya kujenga na kuuza nyumba. Diwani yake ilipochapishwa mara ya kwanza mwaka 1855, alishiriki kwa mkono wake kupanga herufi za chuma za baadhi ya kurasa. Ubao unaopimwa katika shairi ni ubao kwanza, wenye urefu na uzito, na ndiyo sababu unaweza kubeba maana nyingine bila kuvunjika.

Ipo taashira ya pili ambayo orodha yako imeiacha kabisa, nayo ni sikio. Shairi hili lilipotoka mwaka 1860 lilianza kwa mshangao tu kuhusu nyimbo za vinywa vya Wamarekani. Mwaka 1867 mshairi alibadilisha mwanzo, likaanza kwa tamko la mtu anayesikia. Kati ya miaka hiyo miwili Marekani ilipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia 1861 hadi 1865, na Whitman alitumia sehemu kubwa ya wakati huo kuwatembelea askari majeruhi katika hospitali za Washington. Nchi iliyokaribia kugawanyika vipande viwili inatajwa sasa kwa jina moja, inapewa kinywa kwa njia ya tashihisi, yaani kukipa kitu sifa za binadamu, na kuna mtu mmoja aliyetulia akaisikia yote kwa pamoja. Nafsineni hana kazi ya mikono katika shairi. Kazi yake ni kusikiliza, na kwa kufanya hivyo anaunganisha watu ambao wao kwa wao hawasikiani: mkata miti yuko msituni, baharia yuko mtoni, na hakuna kati yao anayejua kwamba mwenzake anaimba.

Katika mtihani, basi, andika kwamba wimbo ni taashira ya umiliki na utu wa mfanyakazi, na kwamba kusikia ni taashira ya umoja wa taifa, kisha uthibitishe kila dai kwa mshororo unaohusika. Mtahini makini atakupa haki yako.

SWALI: Mheshimiwa mhariri, mimi ni fundi wa masanduku ya bati hapa Kamukunji. Binti yangu alinisomea shairi hilo, nikamwambia kwamba huyo bwana anatupamba. Sisi tukiimba, tunaimba ili mkono usichoke, na jioni mteja anakupa bei ambayo haifiki hata gharama ya bati. Mbona yeye hataji malipo popote?
Fundi, Kamukunji

JIBU: Ndugu fundi, umeliona pengo ambalo wasomaji wengi hulipita. Ni kweli kwamba katika mishororo yote 11 hakuna ujira, hakuna bei, hakuna mwajiri wala msimamizi. Hakuna kiwanda pia. Kila fundi anaonekana kama bwana wa kazi yake mwenyewe, na hilo ni sehemu ya maana ya wimbo niliyomweleza mwanafunzi wa Umoja: mtu asiyeamrishwa na mtu ndiye anayeweza kuimba kilicho chake.

Lakini hebu tuuweke wimbo wa fundi viatu kando ya mwaka ulipochapishwa. Mnamo Februari 1860, katika mji wa Lynn, jimbo la Massachusetts, mafundi wa viatu waligoma kwa sababu ujira wao ulikuwa umeshuka huku mashine zikiibadilisha kazi yao. Mgomo ulienea katika miji mingine ya eneo la New England na kuwahusisha maelfu ya wafanyakazi, wanaume na wanawake, ambao waliandamana barabarani. Benchi la fundi viatu ambalo Whitman analisifu lilikuwa linaondolewa mwaka uleule alipolisifu. Tena, mwaka huohuo wa 1860 Waafrika karibu milioni 4 walikuwa watumwa nchini Marekani. Walilima, walijenga, walifua na walishona, na nyimbo zao za kazi zilikuwa miongoni mwa nyimbo kuu zilizowahi kusikika katika nchi ile. Hawatajwi. Na hata tukisema kwamba seremala au mkata miti wa Whitman angeweza kuwa mtu mweusi, bado tunakwama kwenye ule mshororo wa umiliki, kwa kuwa mtumwa kisheria hakumiliki ubao, wala saa zake, wala watoto wake.

Hukumu yangu ni hii: shairi si kumbukumbu ya kuaminika ya hali ya wafanyakazi wa mwaka 1860, na yeyote anayelisoma kama picha halisi ya nchi ile anakosea. Linasimama kama dai. Linasema mfanyakazi astahili kuwa na nini, na limetumia wakati uliopo kana kwamba tayari anacho. Dai la namna hiyo lina nguvu, ila linaacha mlango wazi kwa aliyeachwa nje kuja kulidai lake. Mwaka 1925 mshairi mweusi Langston Hughes aliingia kwa mlango huo katika shairi lake "I, Too", ambamo ndugu mweusi anayepelekwa jikoni kula wakati wageni wanapofika anatamka kwamba naye pia anaiimba Amerika, na kwamba kesho ataketi mezani. Hughes hakuitupa taashira ya wimbo. Aliichukua akaonyesha ni nani aliyenyimwa.

Sasa nirudi kwenye neno lako kwamba mnaimba ili mkono usichoke, kwa sababu hapo umegusa jambo ambalo Whitman hakuligusa. Katika fasihi simulizi yetu nyimbo za kazi, yaani hodiya, zina wajibu ndani ya kazi yenyewe. Wakulima wana wawe zao, watu wa bahari wana kimai zao, na katika hizo zote mapigo ya wimbo hufuata mapigo ya jembe, kasia au mchi. Aghalabu kuna kiongozi anayeanzisha na wenzake wanaoitikia, nao wanaoitikia wanashika kamba moja au wanavuta wavu mmoja. Wimbo wa hodiya kwa hiyo ni taashira ya ushirika: mtu akinyamaza, wavu unakuwa mzito kwa wengine. Wimbo wa Whitman ni wa mtu mmoja mmoja, kila fundi na wake, na umoja unapatikana tu katika sikio la mshairi. Msomaji aliyekulia katika hodiya ana haki ya kuuliza kama umoja unaosikiwa na mmoja tu unatosha. Mimi naona hautoshi, na nitaonyesha hapa chini kwamba mshairi mwenyewe huenda aliliona hilo.

SWALI: Kwa nini wanaume wanatajwa kwa kazi zao na wanawake kwa ndoa na uzazi? Je, mama, mke na msichana ni taashira ya nyumba tu?
Msomaji, Kayole

JIBU: Dada, tofauti uliyoitaja ipo, nami sitaitetea. Wanaume wanajulikana kwa fani, wanawake kwa nafasi yao katika familia, na ndivyo watu wengi wa karne ile walivyozoea kuwataja. Hata hivyo, mambo mawili yanazuia tafsiri ya kuwafanya alama ya nyumba tu. Kwanza, mke kijana yuko kazini na msichana anashona au anafua, kwa hiyo kazi za nyumbani zimewekwa katika orodha moja na useremala na uashi, bila kutengwa kama jambo dogo. Pili, ule mshororo unaosema kila mmoja anaimba kilicho chake umewekwa mara tu baada ya wanawake hawa, na mshairi anawataja humo waziwazi wote wawili, mwanamume na mwanamke. Wimbo wa msichana anayefua ni mali yake kama ulivyo wa baharia.

Kwa msomaji wa Nairobi kufua kunaleta sura nyingine. Mama fua anayeketi asubuhi kando ya barabara ya mtaa akingoja kuitwa, kisha akafue nguo za nyumba isiyo yake, hana nafasi katika shairi hili. Anafanana na msichana wa Whitman kwa tendo, lakini maji, sabuni na kamba ya kuanikia si vyake. Ukilifundisha shairi hili kwa watoto wako, waulize yeye angeimba nini.

SWALI: Shairi lisilo na vina wala mizani ni shairi kweli?
Mpenzi wa tenzi, Pangani

JIBU: Ndiyo, mzee wangu, ingawa najua jibu hilo limewagawa watunzi wetu tangu miaka ya 1970, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kuchapisha diwani ya Kichomi mwaka 1974. Kinacholishikilia shairi hili ni takriri, yaani kurudiwa kwa tendo la kuimba karibu katika kila mshororo, pamoja na muundo wa orodha inayokwenda mbele bila kusimama. Nalo umbo hilo linashiriki katika maana: mishororo ina urefu usiolingana kwa sababu kazi hazilingani, na vina vya namna moja vingewafanya seremala na mkata miti waimbe wimbo mmoja, jambo ambalo shairi linalikataa.

SWALI: Nimesikia ikisemwa kwamba usiku wa mwishoni mwa shairi ni taashira ya kifo. Ni kweli?
Msomaji, South B

JIBU: Sioni ushahidi wowote. Vijana wa usiku ule wana nguvu, ni marafiki, vinywa vyao viko wazi na nyimbo zao ni tamu. Katika mashairi mengi usiku ni kifo, hilo halina ubishi, lakini taashira haisafiri na maana yake kutoka shairi moja hadi jingine bila kuulizwa. Hapa usiku umetenganishwa na mchana kwa maneno yanayosema kwamba mchana una kilicho cha mchana. Kazi ina mipaka, na baada ya mpaka huo mtu bado ni mtu. Hakuna anayetuambia vijana hao ni mafundi wa nini. Ubao umewekwa chini, benchi liko tupu.

Na kuna jambo ambalo niliahidi kumwonyesha fundi wa Kamukunji. Tangu mwanzo kila mwimbaji yuko peke yake. Ni katika mshororo wa mwisho tu ambapo watu wanaimba wakiwa pamoja, kundi zima, na nyimbo sasa ni zao wote. Wachambuzi wengi huupita mshororo huu haraka wakiuona kama tamati ya furaha, ilhali mimi nauona kuwa ndio unaokaribia zaidi hodiya zetu, pale umoja unapoacha kuwa kitu kinachosikiwa na mshairi na kuwa kitu kinachofanywa na watu wenyewe. Inasikitisha kidogo kwamba kinatokea baada ya kazi na si ndani yake, tena kati ya vijana wa kiume pekee, jambo ambalo msomaji wa Kayole ataliona mara moja.

SWALI: Ninaandika shairi kuhusu wafanyakazi wa Nairobi. Je, nami nitumie wimbo kama taashira, au nitaonekana nimeiga?
Mtunzi chipukizi, Kariobangi

JIBU: Usianze na taashira. Anza kwa kwenda mahali pa kazi na kuuliza ni nini kinachosikika au kuonekana hapo. Kamukunji utasikia nyundo kabla ya kusikia wimbo wowote, na ukikaa kwa muda utatambua kwamba bati jembamba halilii kama bati nene. Kariokor, wanakoshona akala, sauti ni ndogo: kisu kinapita katika mpira wa gurudumu, na kazi yote iko katika kifundo cha mkono. Makanga anaita abiria. Kwenye mjengo siku ya kumwaga zege, watu wanapokezana karai kutoka chini hadi juu, na asiyekuwa tayari kupokea anaonekana papo hapo. Kila mojawapo ya hayo linaweza kubeba shairi zima, lakini si yote kwa pamoja. Whitman alifanikiwa kwa sababu alichagua hisi moja, kusikia, akabaki nayo hadi mwisho. Nawe chagua moja.

Usimweleze msomaji maana yake. Ukiandika "nyundo, ewe ishara ya jasho letu", nyundo imekwisha kufa. Mpe mwenye nyundo mahali, saa na namna ya kusimama, kisha umwache apige.

Ushauri wangu wa mwisho unahusu umiliki, kwa kuwa ndio uti wa mgongo wa shairi tulilojadili na ndipo Nairobi inapotofautiana nalo zaidi. Mfikirie msukuma mkokoteni wa sokoni. Mara nyingi mkokoteni si wake. Anaukodi kwa siku na kulipa hata kama mizigo haikupatikana. Viazi anavyovisukuma ni vya mtu mwingine, na barabara anaigombania na matatu. Huwezi kumwimbia mtu huyu kwa maneno ya Whitman bila kusema uongo, wala huwezi kumwonyesha kama mzigo tu bila kumvunjia heshima. Andika kwanza, kwa nathari ya kawaida, kila kitu anachokigusa kuanzia alfajiri hadi anapourudisha mkokoteni, na kando ya kila kitu uandike ni cha nani. Vile vichache utakavyovikuta kwa jina lake, huenda ni namna anavyousawazisha mzigo kabla ya mteremko au mluzi anaoupiga ili apishwe, ndivyo vya kuanzia mshororo wako wa kwanza.